Kinga vyombo vyako vya umeme, lakini kwanza jua umeme wako unaumwa nini

Umeme ukikatika watu hununa, ukirudi watu hushangilia. Fundi wa friji na televisheni huona mambo kinyume. Vyombo vingi vinavyoletwa mezani kwake havikuungua giza lilipoingia. Viliungua dakika ile ile taa zilipowaka tena na watoto wakapiga kelele za furaha.

Kuna kosa la dukani pia. Mtu televisheni yake ikiungua huenda kuomba "kile kitu cha kuzuia umeme", akapewa ekstensheni yenye kitaa chekundu, akarudi nyumbani ametulia. Miezi mitatu baadaye friji inakufa ikiwa imechomekwa kwenye kitu hicho hicho. Ekstensheni haikuwa mbovu. Ilikuwa dawa ya ugonjwa mwingine. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na orodha ya vitu vya kununua.

Hesabu za humu ni za umeme wa volti 230, unaotumika sehemu kubwa ya dunia. Kama kwenu ni volti 120, chukua takriban nusu ya kila kipimo cha volti za ukutani.

Hatua ya 1: Tambua ugonjwa

Umeme unaosumbua nyumbani una maradhi manne, na kila moja lina dalili zake.

La kwanza ni umeme mdogo. Taa zinafifia, feni inazunguka kwa uvivu, friji inaunguruma bila kuwaka sawasawa. Watu hulidharau kwa sababu halina cheche wala kishindo, lakini ndilo linaloua kompresa nyingi, zile pampu za gesi za friji. Mota ikikosa volti za kutosha hushindwa kuanza kuzunguka; inabaki imekwama huku ikivuta mkondo mara 5 hadi 8 ya ule wa kawaida. Mkondo huo wote unageuka joto ndani ya koili, na rangi inayozitenga nyaya za koili inaungua pole pole.

La pili ni umeme mkubwa unaodumu: volti 260, 270 au zaidi, kwa dakika au saa nzima. Taa zinang'aa kupita kiasi na balbu zinakufa mfululizo. Kwa chombo cha kupasha joto, volti zikizidi kwa asilimia 10, joto huzidi kwa asilimia 21, kwa kuwa nguvu hupanda kwa mraba wa volti.

La tatu ni mpigo: volti mia kadhaa hadi maelfu, kwa muda mfupi usioweza kuuona kwa jicho. Unatokana na radi iliyopiga karibu, mota kubwa ya jirani inapozimwa, au laini inapounganishwa upya. Hudumu kwa mikrosekunde tu, lakini muda huo unatosha kutoboa saketi za elektroniki. Mara nyingine chombo hakifi siku hiyo. Kinadhoofika, kisha kinakufa wiki kadhaa baadaye siku tulivu kabisa, na mwenyewe anabaki kulaumu kiwanda.

La nne ni kukatika na kurudi, hasa kule kwa kukatika-rudi-katika-rudi ndani ya nusu dakika. Hili linabeba mabaya ya yote yaliyotangulia kwa pamoja.

Lipo na la tano, ambalo si ugonjwa wa kila siku bali ni ajali: kukatika kwa nyutro, waya unaorudisha umeme kwenye laini. Nalitenga kwa sababu ndilo linaloweza kuteketeza nyumba nzima ya vyombo kwa mara moja. Kwenye laini ya fezi tatu (fezi ni waya unaoleta umeme), nyumba nyingi hugawana waya mmoja wa nyutro. Kati ya fezi na nyutro kuna volti 230, lakini kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Nyutro ikikatika huko nje, au ikilegea vibaya, nyumba ya fezi moja na nyumba ya fezi nyingine zinajikuta zimeungana kwa mfuatano juu ya zile volti 400, na zinagawana kwa kadiri ya matumizi. Nyumba yenye vyombo vichache ndiyo inayopokea volti nyingi. Ndani ya televisheni na chaja, umeme wa volti 230 hugeuzwa kuwa volti 325 hivi za mkondo mnyoofu, na kapasita (kifaa kidogo kinachohifadhi umeme) inayoupokea kwa kawaida imetengenezwa kuvumilia volti 400 au 450. Ukiingia umeme wa 400 kutoka ukutani, kapasita hiyo inaletewa zaidi ya 560. Ule mlio wa "pah!" na moshi mweupe vinatoka hapo.

Breka haitakuokoa. Breka huhesabu mkondo, si volti. Itajifyatua baadaye, chombo kikishaungua na kuleta shoti.

Dalili za nyutro zikumbuke: taa zinang'aa ghafla kuliko kawaida, feni inavuma, kitu kinaanza kulia mahali, au, kwenye nyumba yenye fezi zaidi ya moja, chumba kimoja kinawaka sana huku kingine kimefifia. Ukiona hivyo usichunguze. Zima meni swichi, kisha ndipo uwapigie simu wenye laini, yaani shirika la umeme.

Hatua ya 2: Pima kwa wiki moja

Nunua kipima volti kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, kile chenye tarakimu zinazowaka. Ni cha bei nafuu kuliko kinga yoyote utakayonunua baadaye, na hakikulazimishi kushika waya ulio wazi. Multimita ni nzuri zaidi kwa anayejua kuitumia. Asiyejua, aachane nayo kwenye umeme wa ukutani.

Andika namba asubuhi, mchana, jioni watu wanapopika na kuwasha taa, na usiku wa manane. Mkondo wa matumizi ukipungua usiku, volti hupanda, na kuna nyumba zinazolala na volti 255 bila mwenyewe kujua. Andika pia namba kabla na baada ya kuwasha kitu kizito kama pasi au birika la umeme. Hiki cha mwisho ni muhimu sana. Volti zikianguka kwa 15 au 20 kila unapochomeka pasi yako, uwezekano mkubwa ni kwamba ugonjwa uko ndani ya nyumba yako au kwenye waya unaoingia kwako, na hakuna kifaa cha dukani kitakachouponya.

Kati ya 207 na 253 uko ndani ya asilimia 10 ya kipimo cha kawaida. Vyombo vingi vimetengenezwa kuishi humo.

Hatua ya 3: Rekebisha kilicho chako

Mwite fundi umeme mwenye leseni akaze viungo vyote kwenye boksi la breka, hasa nyutro. Skrubu hulegea kadiri miaka inavyopita kwa sababu waya hupata joto, hutanuka, kisha hupoa. Kiungo kilicholegea kinachoma plastiki, kinashusha volti na kinatoa cheche zinazosumbua elektroniki. Soketi yenye rangi ya kahawia pembeni ya tundu, au plagi inayokuwa ya moto, ibadilishwe bila mjadala.

Kisha aiangalie ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini. Mwambie aipime kwa kipimo chake. Kuitazama kwa macho hakutoshi. Kuona tundu la tatu kwenye soketi si ushahidi kwamba kuna waya nyuma yake, na kuona fimbo ya shaba imechomoza uani si ushahidi kwamba imeunganishwa. Nasisitiza hili kwa sababu kinga nyingi za mpigo zinategemea njia ya kuumwaga umeme ardhini. Bila ethi, kinga ya bei kubwa inabaki na nusu ya kazi yake. Na kabla ya kuwa kinga ya televisheni, ethi ni kinga ya uhai wako.

Hatua ya 4: Gawa vyombo

Tembea nyumbani ukisoma kile kibandiko kilicho nyuma au chini ya kila chombo. Maneno unayoyatafuta ni yale yanayotaja volti za kuingia.

Chaja, kompyuta mpakato na televisheni nyingi za kisasa huandikwa 100-240V. Hivi havijali umeme mdogo. Ukivinunulia stebilaiza (kifaa cha kusawazisha volti) unapoteza fedha. Vinachohitaji ni kinga ya mpigo na ya umeme mkubwa.

Friji, friza, kiyoyozi na pampu ya maji vina mota. Hivi ndivyo vinavyouawa na umeme mdogo na ile katika-rudi. Friji mpya zenye inveta (kirekebisha mwendo wa mota) ndani yake huvumilia volti za chini vizuri zaidi, ila zina bodi ya elektroniki ambayo ikiungua bei yake inakaribia kukufanya uifikirie friji nyingine.

Pasi, birika, jiko la umeme na hita ya maji havihitaji chochote kati ya haya. Umeme ukiwa mdogo vitachelewa kupata moto, basi. Tena usivichomeke kamwe kwenye stebilaiza au ekstensheni ya kinga, maana vinavuta mkondo mkubwa na vitavichosha bure.

Hatua ya 5: Chagua dawa ya ugonjwa uliopima

*Kama tatizo ni umeme kupanda, kushuka, na katika-rudi ya mara kwa mara,* anza na gadi. Ni kile kifaa unachochomeka ukutani, kisha friji ukaichomeka juu yake. Hakirekebishi umeme hata kidogo. Kinautazama, ukishuka chini ya takriban 185 au 190, au ukipita 255 hadi 260, kinakata, na ukirudi hali njema kinasubiri dakika 3 hadi 5 kabla ya kuuruhusu kupita.

Kusubiri huko ndiko unakokulipia. Friji ikizimwa, gesi ndani ya mabomba bado ina shinikizo kubwa upande mmoja na dogo upande wa pili. Kompresa ikiambiwa ianze papo hapo inasukuma dhidi ya shinikizo hilo, inakwama, na tunarudi kwenye mkondo mara 5 hadi 8. Dakika chache zinatosha kusawazisha pande mbili. Kwa nyumba yenye fedha ya kifaa kimoja tu, mimi ningeweka gadi ya friji kabla ya kitu kingine chochote.

Usichanganye gadi ya friji na ya televisheni. Ya televisheni mara nyingi husubiri sekunde chache tu na haibebi mkondo wa kuanzisha kompresa.

*Kama kipimo kinaonyesha umeme mdogo siku nyingi,* 170 au 180 kila jioni, gadi itakuwa inakata saa zote na nyama itaharibika. Hapo ndipo stebilaiza inapohitajika. Za rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) hupandisha na kushusha kwa ngazi, unasikia "tak, tak", zinatosha friji. Za mota ya sevo husawazisha kwa ulaini zaidi na bei yake ni kubwa.

Ukubwa wake usipimwe kwa wati za friji tu. Friji ya wati 150 inaweza kuhitaji zaidi ya 1,000 kwa ile nukta ya kuwaka, kwa hiyo stebilaiza ya VA (volti mara ampea) 1,000 kwa friji moja ya nyumbani si anasa. Tena kumbuka VA si wati. Kwa vyombo vya mota, VA 1,000 ni kama wati 800. Chagua yenye kuchelewesha kuwaka kama gadi, na soma inaanza kufanya kazi kuanzia volti ngapi. Ikiwa kwenu zinashuka hadi 150 na stebilaiza inaishia 180, umenunua pambo.

Jambo moja wauzaji hawalisemi. Stebilaiza haiumbi umeme. Ili itoe volti 230 kwa ampea 10 kutoka kwenye laini ya volti 170, inalazimika kuvuta zaidi ya ampea 13 kutoka ukutani. Waya mwembamba uliokuwa unapata joto sasa unapata joto zaidi. Ndiyo sababu hatua ya 3 imetangulia.

*Kama hofu ni radi na mpigo,* unahitaji kinga ya mpigo, iwe ekstensheni au ya kuweka kwenye boksi la breka. Ndani yake kuna varista, kidonge cha oksidi ya zinki ambacho hukaa kimya volti zikiwa za kawaida, na zikiruka hufungua njia na kuumwaga umeme pembeni kwa kasi isiyofikiwa na rilei yoyote. Rilei ya stebilaiza inahitaji milisekunde kadhaa kujongea. Mpigo wa radi umekwishapita zamani. Kwa hiyo stebilaiza haichukui nafasi ya kinga ya mpigo, wala kinga ya mpigo haichukui nafasi ya stebilaiza. Ile friji ya mwanzoni ilikufa kwa umeme mdogo, na varista haikuwa na la kufanya.

Kwenye ekstensheni, tafuta jouli zilizoandikwa, yaani kiasi cha nishati inayoweza kumeza. 1,000 au zaidi ni kiasi cha kuridhisha. Isiyoandika jouli ichukulie kuwa ekstensheni ya kawaida yenye taa. Tafuta pia kitaa kinachoonyesha kinga bado ipo, kwa sababu varista huchakaa kwa kila mpigo inaoumeza, na ikifa soketi zinaendelea kutoa umeme kama kawaida bila kinga yoyote. Hakikisha ina kikata joto ndani: varista ikikaa muda mrefu kwenye umeme mkubwa, kama ule wa nyutro iliyokatika, hupata moto na inaweza kuwasha ekstensheni yenyewe. Ziweke mahali wazi, si nyuma ya pazia. Na usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni.

*Kompyuta ya mezani na ruta* zinahitaji UPS, kifaa chenye betri kinachoendeleza umeme ukikatika. Ya kawaida hubadili kwenda kwenye betri kwa milisekunde chache, na kompyuta haitambui. Usiichomeke friji humo, wala printa ya leza.

Hatua ya 6: Kinga ya mlangoni

Hii ni kazi ya fundi, lakini wewe ndiye unayelipa, kwa hiyo ujue cha kumwambia. Vifaa ni viwili, na vyote hukaa kwenye boksi la breka.

Cha kwanza ni rilei ya volti, ambayo ni gadi ya nyumba nzima. Unaipangia mwenyewe ikate chini ya 190 na juu ya 255, na isubiri sekunde 180 hadi 300. Ndiyo kinga ya nyumba nzima dhidi ya ajali ya nyutro. Uwezo wake wa ampea usiwe chini ya meni breka yako.

Cha pili ni kinga ya mpigo ya aina ya 2. Hapa uzoefu wa fundi unaonekana, kwa sababu kifaa kizuri hufishwa na waya mrefu. Kwa mpigo wa kasi, kila mita ya waya inaweza kuongeza volti 1,000 hivi juu ya zile zinazofika kwenye vyombo. Nyaya zake zote, kutoka kwenye laini hadi kwenye baa ya ethi, zisizidi nusu mita kwa jumla, na zisizungushwe ili "zipendeze". Ukimwona fundi anakunja waya mduara mzuri, mwombe aukate. Nyumba yenye kipokea radi juu ya paa, au inayopokea umeme kwa nyaya za juu katika eneo la radi nyingi, inaweza kuhitaji aina ya 1 mbele yake. Zile ekstensheni za chumbani zinabaki pale pale kama ngazi ya mwisho.

Usisahau milango mingine. Waya wa antena, wa dishi, wa simu na wa intaneti nazo huleta mpigo. Kuna televisheni zilizochomolewa ukutani kwa uangalifu, zikaungua kupitia waya wa antena.

Hatua ya 7: Umeme ukikatika, na radi ikikaribia

Umeme ukikatika chomoa au zima vyombo vyote vya mota na elektroniki, ila acha taa moja imewashwa ikupe habari. Ukirudi, hesabu dakika 5. Angalia kipima volti. Kisha washa kimoja kimoja, friji kwanza, usubiri itulie, ndipo kingine. Kurudisha vyote kwa pamoja ndiko mtaa mzima unakofanya, na ndiyo maana volti huyumba sana dakika hizo.

Radi ni jambo jingine. Hakuna kifaa cha nyumbani kinachohimili radi iliyopiga nyumba yenyewe; kuchomoa tu ndiko kunakoshinda. Kuzima swichi ya soketi hakutoshi, kwani mwanya ndani yake ni milimita chache na takriban volti 3,000 huruka milimita moja ya hewa. Swichi nyingi pia hukata waya mmoja tu. Chomoa mapema. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde 3 hivi, kwa hiyo ukihesabu sekunde 30 kati ya mwanga na ngurumo, radi iko kilomita 10. Chini ya hapo uwe umekwishamaliza; radi ikiwa juu ya paa usiguse plagi, iache televisheni iende. Subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Hatua ya 8: Wenye jenereta

Washa jenereta bila mzigo, iache itulie, kisha unganisha. Ondoa mzigo kabla ya kuzima, na usiache iishiwe mafuta ikiwa imebeba friji, kwa kuwa inapokohoa mwishoni volti zake hupanda na kushuka ovyo. Badilisha kati ya laini na jenereta kwa swichi maalumu ya kubadilishia, kamwe si kwa waya wenye plagi pande mbili; waya ule umeua mafundi wa laini waliodhani nguzo imekufa.

Hatua ya 9: Umeme ukishapiga

Zima meni, nusa, tazama. Chombo chenye harufu ya kuungua kisiwashwe "kujaribu". Ambacho hakina harufu wala alama, kiwashe peke yake baada ya kupima volti.

Kikiwa kimekufa kabisa, usikitupe haraka. Televisheni na bodi nyingi za friji zina varista na fyuzi mlangoni, vilivyowekwa vife kwa niaba ya vingine. Fundi akivikuta vimepasuka na nyuma yake pazima, matengenezo ni ya bei ndogo. Mkatalie anayetaka kuweka fyuzi kubwa zaidi au kuiunganisha kwa waya, na mkatalie pia anayeing'oa varista na kukurudishia chombo bila nyingine. Usikifungue mwenyewe: kapasita ya ndani inaweza kubaki na volti 300 na ushee hata baada ya kuchomolewa.

Andika saa tukio lilipotokea, piga picha za kipima volti kama bado kinaonyesha, waulize majirani wa laini moja kama nao wamepata. Utazihitaji habari hizo ukienda kudai kwa wenye laini au bima. Kisha tazama vile vitaa vya kinga ya mpigo, kwenye ekstensheni na kwenye boksi la breka. Kilichozimika kibadilishwe kabla ya mvua inayofuata, na kipya kiandikwe tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika.